Alitoka kupunga upepo

Shoga, siku sitini na mbili zimekwenda na maji.

Kile chumba chetu cha majaribio kisichopitisha hewa, si unakijua? Mtu anaishi humo kwa pumzi ya mimea tu. Leo asubuhi nikamsifu Kaka Majani, tuliyemfungia ndani, kupitia kioo: oksijeni iko juu mno, hongera.

Akasema, "Hata mimi najisikia vizuri. Nikitoka kupunga upepo kidogo, narudi na nguvu."

Kupunga upepo.

Nikamuuliza, unatoka mara ngapi?

"Si nyingi. Kila nikimaliza kula. Kengele ya mlango niliizima, inakera."

Kila akimaliza kula, shoga.

Bosi hata hakufoka. Kasema tuanze upya, siku ya kwanza, na safari hii naingia mimi.

Nimechoka. Hapa nilipo niko nje, napunga upepo.