Maneno ya Kumzuia Rehema

Jumapili, 8 Juni

Nimefua mapazia tena. Mara ya pili wiki hii. Mama Marek anafika Jumamosi na mimi siwezi kukaa kitako.

Marek, mume wa binti yangu, ananifundisha Kislovakia. Mimi nampa neno la Kiingereza, yeye ananirudishia la kwao. Big ni veľký, bigger ni väčší. Good ni dobrý, better ni lepší. Want ni chcieť, na mtu akitaka ni chce. Marek anafurahi kweli. Anadhani nataka kumkaribisha mama yake chai. Chai atapewa. Lakini maneno haya nayataka kwa kazi nyingine.

Rehema ana mimba ya miezi mitano. Kibali cha Marek kinaisha mwezi wa nane, na mwezi ujao anarudi kwao pamoja na mama yake. Je, Rehema anakwenda nao, au anabaki ajifungue kwanza? Kila nikimuuliza, anasema tutaona, Mama. Anayemvuta namjua: ni huyo mama mkwe wake. Nataka kumwambia mwenyewe, bila mtoto yeyote kunitafsiria: mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Kwetu Tanga ndivyo. Na hapa Berea, huku kusini kabisa mwa Afrika, ghorofa ya tano, itakuwa hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Nimefumua. Mteja amenuna, nami nikanuna.

Kichwa kimejaa. Teplejšie, joto zaidi. Bližšie, karibu zaidi. Sisi tunaweka "zaidi" tunaendelea na safari. Hawa kila neno linabadilisha nguo. Dobrý akizidi anakuwa lepší, humtambui tena.

Mama Furaha, msusi wa Bukavu ambaye tunagawana naye kiduka hapa Joubert Park, amenisikia nikirudia peke yangu. Akasema, "Weye, ile haiko luga unajifunza. Ile ni silaha."

Imeniuma kwa sababu ni kweli. Yeye ndiye aliyenishika mkono siku namzaa Rehema. Mama yangu alikuwa Tanga na mimi sina hata hati ya kusafiria. Nilimwita mama mpaka sauti ikakauka. Sitaki Rehema aite hivyo katika nchi ya theluji.

Ijumaa, 13 Juni

Leo Marek kaingia kwenye mifano. Mweupe kama theluji. Mwenye nguvu kama dubu. Mtu mwenye afya njema wanamwita zdravý ako ryba, mzima kama samaki. Samaki niwajuao mimi wako kwenye kikaango. Nimecheka, kisha nikamkatiza. Nikamwomba anipe "karibu zaidi na mama".

Akanitazama. Akanipa, lakini hakucheka tena. Nadhani ameshajua.

Jumamosi, 14 Juni

Amefika. Mfupi kuliko mimi. Lifti mbovu, kapanda ngazi zote bila kuhema. Kaleta keki ya mbegu nyeusi, tamu. Kanikumbatia sana.

Nilitaka awe mbaya.

Jumatatu, 16 Juni

Nilipanga kuanza na hali ya hewa. Tu teplejšie, hapa ni joto zaidi. Asubuhi maji ya ndoo kwenye kibaraza yameganda. Kisha umeme ukakatika. Mama Marek kanywa chai yake akiwa na koti na kofia. Marek anasema kwao sasa ni kiangazi, watu wanaogelea mitoni.

Hoja yangu ya kwanza imekufa hata sijaitoa mdomoni. Nimepanga vikombe, nimepangua, nimepanga. Rehema ananiuliza nina nini. Sina kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Rehema na mumewe walikwenda kliniki. Tulibaki sisi wawili jikoni, na viazi vya kumenya. Nikaona ni sasa.

Nikamwambia, "Tu lepšie." Hapa ni bora. Tu bližšie. Tu mama. Nikajigonga kifua kwa mpini wa kisu. Nikamwongezea na samaki, kwa hasira: Rehema akiwa hapa, zdravá ako ryba.

Hakukasirika. Aliweka kiazi chini. Akanijibu polepole, akichagua maneno aliyojua ninayo.

"Áno. Tu lepšie. Ale Rehema chce tam."

Ndiyo. Hapa ni bora. Lakini Rehema anataka kule.

Hilo chce nimejifunza mwenyewe, siku za mwanzo kabisa. Sikuweza kujifanya sikuelewa. Anayetaka ni Rehema. Mwanangu. Siku zote hizi nimenoa kisu nikamwelekezea mtu siye.

Tuliendelea kumenya. Viazi vikawa vingi kuliko sufuria.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemuuliza Rehema. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake jambo likiwa zito. Anataka Marek awe naye chumbani siku ya kujifungua. Hapa kibali kitakuwa kimekwisha, kule atakuwepo. Aliogopa kuniambia.

Mwanamume chumba cha kuzalia! Atafanya nini mle, atazame dari? Nikamwambia hajui anachokitaka. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Akalia. Akaenda kulala mchana kweupe na mimba yake.

Mama Marek alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alielewa kiasi gani. Kelele hazihitaji mkalimani. Akanishika kiwiko.

"Ja menej ako mama," akasema. Mimi ni pungufu kuliko mama. "Ale ja budem tam." Lakini nitakuwepo.

Niliingia bafuni nikafungua maji yatiririke bure. Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Nina wivu, na sina wa kumlaumu.

Jumatatu, 23 Juni

Kazini mikono haitulii. Nimemtazama Mama Furaha akisuka, kucha zake fupi, mgongo umeanza kupinda. Siku ile hospitali hakuwa mama yangu. Hata Kiswahili chetu kilikuwa kinapishana, anasema hivi naelewa vile. Lakini alikuwepo. Hakuniachia mkono mpaka mtoto akalia.

Nimempelekea chai. Kaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna, kunywa.

Jumanne, 24 Juni

Nimetoa kanga zangu mbili nzuri sandukuni. Nikamwita Mama Marek chumbani, nikamlaza Marek kitandani awe ndiye mzazi. Rehema kacheka mpaka akashika tumbo. Ni mara yake ya kwanza kucheka tangu Ijumaa.

Nimemfundisha Mama Marek kukanda kwa maji ya moto. Anachovya kitambaa kwa woga, kwenye maji vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Teplejšie, nikamwambia. Teplejšie! Marek akalalamika, hakuna aliyemsikiliza. Kisha mkaja, kufunga tumbo baada ya kuzaa. Anafunga kama anafunga zawadi. Pevnejšie, kaza zaidi. Nižšie, shuka chini zaidi. Maneno yote niliyoyakusanya kwa vita yakatumika. Hata menej, punguza, maana alipokolea alitaka kumkata mwanawe vipande viwili.

Na uji wa pilipili manga. Kaonja. Machozi yakamtoka, akaomba tena.

Jumamosi, 5 Julai

Wameondoka. Kanga nimezifunga kwenye mzigo wa Mama Marek, si wa Rehema. Rehema ameona. Kule uwanja wa ndege alinong'ona kwa Kiswahili, kibovu, chake: "Mama, mimi nitaita wewe pia."

Nimerudi na teksi mpaka Park Station. Ngazi nimepanda kwa kupumzika kila ghorofa. Nimefua mapazia. Yalikuwa safi.

Jumatano, 16 Julai

Baridi, jua zuri. Mama Marek katuma video. Amefunga mto wa kochi kwa kanga yangu. Rehema anachekea nyuma ya simu, simu inatikisika. Chini, Marek akimtafsiria, ameandika kwamba kliniki ya kule imempima binti yetu, naye ni zdravá ako ryba. Halafu ameuliza: Lepšie?

Nimeitazama tena na tena. Fundo limekaa juu mno na mto unapumua.

Nimemwandikia: Nižšie. Pevnejšie.

Baadaye kidogo ikaja video nyingine. Amefungua, ameanza upya. Nimewasha cherehani, kuna gauni la mtu la Ijumaa.