Dawa Ulimeza, Dada

Dada Skola,

Nina hasira na sitakuficha. Tangu tukuzike Kaengesa, shemeji na mawifi zako hawachoki kusema eti ulikuwa mbishi, dawa ulikuwa unatema, ndiyo maana figo zikakumaliza. Mimi ndiye niliyekuuguza pale Milanzi. Kila kidonge nilikupa kwa mkono wangu, nikakuona unameza. Nani kaniuliza? Hakuna.

Majibu ya kuotesha mkojo maabara, kuona bakteria wako wanauawa na dawa gani, yalitoka umeshazikwa. Bakteria wako hawakuisikia ile dawa kabisa. Nikamganda mwalimu wangu wa maabara chuoni mpaka akanieleza. Nilipoelewa nilitamani kukupigia simu, maana wewe msusi ungeelewa kabla yangu.

Unakumbuka ukinifumua twisti? Ukitenganisha nyuzi mbili hapa, kule mbele zinajikaza, zinapiga fundo, nami napiga kelele. Nawe: "Tulia, shingo kama ya mbuzi!" Basi vinasaba vya bakteria navyo ni nyuzi mbili zilizosokotana. Wana kimeng'enya cha kuzilegeza: kinakata, kinapitisha, kinaunga tena. Dawa yako hukibana pale pale kilipokata, kisiweze kuunga, bakteria afe. Lakini wapo bakteria wenye protini moja ndogo, ndogo kweli, inayokikalia kimeng'enya hicho na kukikinga, dawa isikibane vizuri. Kazi yao inaendelea. Mwalimu hawezi kuapa kwamba kwako ilikuwa hiyo, usugu una njia nyingi. Ila dawa ilifika ikashindwa. Kosa halikuwa lako.

Nikampigia shemeji, nikamweleza yote. Akacheka. "Hiyo shule yako hiyo." Mshenzi! Nisamehe, najua ni mumeo.

Kinachoniua ni Neema wako. Mtoto wa darasa la kwanza, kashaambiwa mama yake alijiua kwa ubishi! Juzi alishikwa na homa, nikampa kidonge. Akameza, halafu akapanua mdomo, akainua ulimi, akatulia anisubiri nikague. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Dada, nililia mbele ya mtoto.

Pumzika sasa. Siku ya misa yako ya kumbukumbu nitasimama mbele yao wote niseme, tena kwa Kifipa, asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa. Na Neema nitakaa naye mpaka aweze kumeza dawa yake na kufunga mdomo.

Mdogo wako,
Leticia