Majirani Zako wa Ujerumani

Mjukuu wangu Zainabu,

Shikamoo yako imefika hapa Mandewa, marahaba. Bibi yako ni mzima na alizeti tumeshavuna.

Unauliza kama urudi nyumbani, kwa kuwa tangu uhamie kijiji hicho cha Ujerumani hakuna jirani aliyekuja kukukaribisha.

Nikiwa mwandishi wa habari kijana, nilipelekwa kwenye kijiji kama hicho, huko huko Ujerumani, kuandika historia yake. Nilikaa chumbani nikingoja wenyeji waje kumjulia hali mgeni, kama tufanyavyo sisi. Hakuja mtu. Mwishowe nikabisha hodi kwa mzee jirani.

"Kumbe unaongea," akasema. "Tulidhani unatudharau. Hapa anayehamia ndiye anayepita kujitambulisha."

Tulikunywa kahawa hadi jioni, akinieleza kijiji chao kilivyounganishwa na cha ng'ambo ya mto kuwa kijiji kimoja.

"Kwa hiyo sasa mko kitu kimoja?" nikamuuliza.

"Kwenye ramani. Zimamoto wetu hadi leo hawapandi gari la zimamoto wa ng'ambo."

Zainabu, yule mama wa ghorofa ya chini uliyeniandikia kwamba anakuchungulia dirishani huenda anakungoja. Mpelekee asali aliyokufungia bibi yako. Ukishatoka kwake, ndipo uniulize tena kuhusu kurudi.

Babu yako akupendaye.