Magdalene Ananikanda na Hajui Anakanda Nini

Haya mpendwa mshauri, chaji ya simu imerudi, sasa huo msaada naomba ni huu. Meseji ya kwanza ilikatika nikiwa nimefika pale nilienda kuwekewa matiti Nairobi, si unajua watoto wanne wamenyonya mpaka ikabaki kama soksi, na bwanangu Gachanja anajua, lakini huku Mwihoko niliambia watu nimetolewa kivimbe, kwa sababu mdomo ya majirani wa hii ploti naijua, mimi ndio mdomo yenyewe. Wueh, nikarudi msichana, blauzi navaa za binti yangu Idah. Sasa ya kushoto imekuwa ngumu kama ndimu, imepanda juu inaangalia kwapa, siwezi lalia hiyo upande, usiku nageuka, mchana nazunguka soko ya Ruiru na sinunui kitu, ni kusahau tu uchungu. Magdalene wa kanisa akasema ni maziwa ya zamani imeganda, inataka kukandwa vile tunakanda mama amezaa, na kwa sababu siwezi sema ni nini iko ndani nikalala tu, wamama wananikanda na taulo ya maji moto wakiimba, mimi naomba isipasuke. Jana Magdalene akaacha kukanda akaniangalia. "Mama Idah, mbona ngozi ni nyekundu na husikii moto?" Daktari naye anasema nirudi afungue tena, na kufungua mara ya pili si ndio kufa, na nitawaambia natolewa nini tena, na Jumapili wamepanga niombewe mbele ya... ngoja, Idah ananiita, Magdalene ameingia na taulo

JIBU

Mama Idah, mrudishe na taulo yake. Hakuna maziwa hapo. Mwili wako umejenga kovu kuzunguka kile uliwekewa, na kovu hilo likijikaza linaminya. Hutokea hata daktari akifanya kazi safi. Kukanda hakulitoi, na ngozi iliyopasuliwa inaweza kufa ganzi ukaungua bila kujua.

Kufungua tena si kufa, lakini ni opareshoni kamili, pengine ngumu kuliko ya kwanza. Hutoa kovu na kubadilisha kile kilichowekwa, ama hukitoa kabisa, na kukitoa si aibu. Muulize daktari anataka kufanya ipi kati ya hizo na kwa nini, muulize kama ugumu unaweza kurudi, maana unaweza. Usipomwelewa, tafuta mwingine wa kazi hiyo hiyo akuangalie. Lakini wekundu haungoji Jumapili. Enda leo, na Gachanja.

Kanisani huhitaji kutangaza chochote. Mwambie Magdalene peke yake, ameshaona. Atanyamaza? Wewe ungenyamaza? Basi wacha waongee, wewe uwe hai ukiwasikia. Mwambie sasa, kabla hajakamua hiyo taulo.