Miguu ya Vifaranga, Mikono ya Mwanao

Nyumbani,
stoo ya chakula cha kuku,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba homa uliyokuwa nayo baada ya kujifungua imekwisha kabisa. Mpwa wangu mchanga anaendeleaje? Ananyonya vizuri? Anawaacha mlale? Na shemeji je, ule mgongo unaomsumbua kazini umepata nafuu? Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, yuko barazani na cherehani yake tangu asubuhi, na lile jino sasa linamwacha apumzike. Mimi mwili hauna neno. Tatizo ni uso, sijui niuweke wapi.

Najua utashangaa kupata barua wakati tumezungumza kwa simu majuzi tu. Lakini simu yetu unaijua, ni ya nyumba nzima. Ukipiga, wifi yako anaweka sauti ya juu, wote tunakusanyika, na mwenye jambo lake anasubiri zamu kama yuko kwenye foleni ya maji. Na hata ningebaki nayo peke yangu, nisingeweza. Ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema huku nakusikia ukivuta pumzi.

Uliniuliza, mbele ya wote, kwa nini Chiriku amekuambia kwamba mkija mwezi ujao hatambeba mdogo wake, atakuwa anamwangalia tu kutoka mlangoni. Nikacheka. Nikakujibu kuwa ni wivu wa kifungua mimba, utapita. Dada, nilikudanganya. Mwanao hana wivu hata chembe. Anaiogopa mikono yake mwenyewe, na aliyemtia hofu hiyo ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikajipendelea.

Utakumbuka ulipoondoka uliniomba nimtafutie mtoto kitu cha kufuga ili asikuwaze mno. Nikamletea vifaranga wanne wa bata, wa njano, wadogo wa kutosha kiganjani. Aliwapenda mpaka ikawa kero. Aliwabeba kwenye sketi, akawatoa kuota jua, akawasimulia habari za shule tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, nao wakamjibu kwa makelele. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, lakini siku zile lilimkaa hasa.

Kuhusu kuwalisha hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumuuliza mtu. Kuku wa nyama nimewafuga miaka yote hii, mtaa mzima unaniita Daktari, na watu wanaacha shughuli zao kuja kuniuliza kwa nini kuku wao wanakohoa. Nilikuwa na msemo wangu kwamba bata ni kuku aliyekanyagwa mdomo. Watu wanacheka, nami kichwa kinavimba. Basi nikawachotea kwenye gunia lile lile la chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, nikawatandikia magazeti, nikaona kazi imekwisha.

Wakanenepa haraka. Halafu miguu ikaanza kulegea. Mmoja alikuwa akipiga hatua chache anakaa. Kisha wote wakawa wanatembelea vifundo, wanajikokota kwa vibawa kukifuata chakula. Yule mdogo kuliko wote miguu ilimtanuka huku na huku, akawa amelala kifudifudi kwenye gazeti, anamtazama Chiriku tu.

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Alikuja mteja kuchukua kuku wake, akawaona, akasema kwa sauti, "Daktari, mbona wagonjwa wako wanatambaa?" Uso ukaniwaka. Chiriku alikuwa amesimama kando yangu na yule mdogo mikononi. Nikamgeukia.

"Si ni wewe? Kutwa nzima unawabanabana! Umewavunja miguu kwa hayo mapenzi yako. Weka chini! Nisikuone umewashika tena."

Alimweka chini taratibu sana. Hakulia. Mteja akasema watoto ndivyo walivyo, akabeba kuku wake akaenda zake, na mimi nikabaki Daktari kama kawaida.

Kesho yake, mtoto alipokwenda shule, niliwatia vifaranga kwenye kapu nikawapeleka kwa daktari wa mifugo, yule wa kweli. Usinipe sifa kwa hilo. Nilikwenda ili aniambie wamevunjika, nipate kushinda. Aliwapapasa miguu, akauliza wanakula nini. Nikamtajia chakula changu kwa majivuno, hadi aina ya gunia. Akatikisa kichwa. Hakuna mguu uliovunjika hata mmoja, akasema, hawa wamepungukiwa vitamini. Kuna moja katika kundi la B, inaitwa niasini, na kifaranga wa bata anaihitaji karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku. Chakula changu kilikuwa hakina ya kumtosha, na tena kiliwanenepesha upesi mno, mwili ukawa mzito kuliko miguu iliyoubeba.

Akanipa unga wa vitamini wa kuchanganya kwenye maji yao ya kunywa, maji mapya kila siku. Akaniambia niwachemshie njegere nizisage, na magazeti niyatoe kwa kuwa yanateleza, niweke gunia ili miguu ipate pa kushika. Mwisho akasema wafanyishwe mazoezi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mtu amwekee kila mmoja mkono chini ya tumbo, huku miguu ikipiga maji bila kubeba uzito. Kazi ya kila siku, na inataka mikono myepesi. Akasema, "Kama nyumbani kuna mtoto mwenye subira, mpe yeye."

Nilimjibu kwamba nyumbani hakuna mtoto.

Nikaifanya mwenyewe, kwa kujificha. Chiriku akishatoka na begi lake, nakunja mikono ya shati, nachukua beseni la kufulia la wifi yako, najifungia humu humu stoo ninamoandikia sasa. Siku moja wifi yako alinifuma nimepiga magoti, bata wawili mikononi, nawahimiza kwa sauti ya kubembeleza ambayo yeye anasema hajaisikia tangu nimwoe. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia ni mazoezi ya misuli, nimeyavumbua mwenyewe. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli, tena katikati ya kicheko, ingepita kirahisi. Niliona haya. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha hata kwa mke wangu.

Wakapona, Dada. Watatu walisimama imara, wakaanza kunifukuzia ndoo. Yule mdogo anachechemea mpaka leo, lakini anafika anakokwenda. Siku Chiriku alipowaona wakivuka ua mmoja nyuma ya mwenzake, alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nilidhani atapiga kelele za furaha.

"Kumbe ni kweli, Mjomba," akasema. "Nimeacha kuwashika, wamepona."

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Umeona sasa?"

Yale makaripio ya kwanza niliyatoa kwa hasira, na mtu wa kunihurumia angeweza kusema hasira ni hasara. Haya ya pili niliyasema nimetulia, nimeshiba, na ninajua kila kitu. Wanasema mkubwa ni jalala. Mimi nilimfanya mtoto wako awe jalala langu, kisha nikamwachia aondoke akiamini kwamba nimemfundisha jambo.

Tangu siku ile ule mdomo umepungua. Anawapa bata maji kwa kusukuma chombo na mguu. Akiokota kitu anatumia ncha za vidole. Wiki chache zilizopita mteja wa cherehani alikuja na mtoto wake mchanga, wifi yako akamwomba Chiriku amshike kidogo tu wakati anampima mama. Akaficha mikono kwapani akarudi nyuma hadi ukutani. Alipoulizwa ana nini, akajibu, "Mimi nikishika, vinaharibika." Hakusema kwa huzuni wala kwa kudeka. Alisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Wifi yako hakuelewa, akaniangalia mimi, nami nikajifanya natafuta ufunguo. Kisha ukapiga simu.

Usiku wa simu ile sikupata usingizi. Asubuhi nikamwita Chiriku, nikamwita na wifi yako ili nisije nikageuza maneno katikati. Nikawaambia yote, chakula, mteja, daktari, beseni. Nikamwambia, "Mikono yako haikufanya kosa lolote. Mwenye kosa ni mjomba wako. Nisamehe." Alimtazama kwanza wifi yako aone kama ni mzaha, maana katika nyumba hii hajawahi kuona mkubwa akimwomba mtoto msamaha. Halafu akaniambia kwa upole, ule upole wako, "Usijali, Mjomba. Unanifariji tu."

Nikaapa. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini walipona nilipoacha."

Ushahidi wote niliutengeneza mimi mwenyewe, kila asubuhi, kwa beseni. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamweleza polepole, akamwonyesha hata kopo la vitamini, akaniangalia mimi kwa jicho ambalo sitalisahau, maana mtoto niliyemwambia hayupo alikuwa amekaa mbele yake. Chiriku aliitikia kwa adabu, akashukuru. Njiani akaniambia, "Yule anakujua. Umemwomba aseme vile." Siwezi kumlaumu kwa kutoniamini, kwani siku aliyoniamini ndiyo iliyomuumiza.

Basi hiyo ndiyo hali. Wifi yako ananiwekea chakula na kunipigia pasi mashati, lakini ananiita "Daktari" kwa namna ambayo ni afadhali angenitukana. Ana haki. Na wewe, kama baada ya kusoma haya utataka kumchukua mwanao moja kwa moja mkija, sitatia neno. Ulimwacha kwangu akiwa na mdomo usiofungwa na mikono isiyotulia, nami sitakurudishia kama ulivyomwacha. Naona aibu kuliandika hilo, na ningeona aibu zaidi kama ungeligundua mwenyewe mlangoni.

Mpe shemeji salamu zangu, mwambie chumba chenu nimekipaka rangi na mlango nimeurekebisha, haukwaruzi tena sakafu. Wifi yako anakusalimu sana, anasema msinunue nguo za mtoto, ameshashona za kumtosha mpaka atakapoanza kutambaa. Jirani yetu mwenye duka anauliza mtafika asubuhi au jioni, nadhani anataka kuwa wa kwanza kumwona mtoto kabla ya mtaa. Chiriku anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake, akasema niandike kwamba amejifunza kukaa bila kugusa kitu, ili usiwe na wasiwasi na safari.

Kwa hiyo nina ombi moja, Dada, nami sistahili kuomba. Mkifika, usimweleze lolote kuhusu bata. Maneno ya wakubwa ameshachoka nayo, na mimi ndiye niliyeyachosha. Usimuulize kama anataka kumbeba mdogo wake, maana ukimuuliza atakataa kwa heshima na utamkosa. Ingia tu kama mtu aliyechoka na safari. Sema mkono umekufa ganzi, mpe mdogo wake, kisha geuka ufungue mizigo, wala usimwangalie. Wifi yako atakuwa karibu, usiogope. Mimi nitasimama mbali, nje kabisa, karibu na banda. Najua kabla ya kunyoosha mikono kumpokea atanitafuta kwa macho, aone kama nimekubali. Akifanya hivyo, ndipo utakapojua nilichomfanyia mwanao, kuliko barua hii yote.

Mungu awavushe salama njia nzima, amkinge mchanga na baridi ya safari, na akupe wewe moyo wa kunisalimia.

Ni mimi ninayekupenda, hata leo ninapoandika nimeinamisha kichwa,

Mdogo wako.