Rejesta ya Kiranja

Kharkiv, 11 Februari 2022

Mama,
Shikamoo. Mafua yameisha. Goti lako je?

Wamarekani wameambiwa waondoke nchini, eti vita inakuja. Sisi tumeambiwa Jumatatu kuna mtihani. Ofisi ya kitivo imebandika tangazo: ukikosa vipindi vitano, unafukuzwa. Nami ndiye kiranja, rejesta iko mkononi mwangu. Nilimwambia Kelechi, “Bosi, ukipanda treni nakuandika hayupo.” Akacheka: “Tumia wino mwekundu, mheshimiwa.” Akaenda zake. Wenzetu wengine kumi na mmoja wa kundi nimewatisha, wamerudisha tiketi zao.

Mwanao,
Nkiruka

Enugu, 14 Februari

Nkiruka,
Marahaba. Goti linanidharau, lakini leo wewe umelizidi.

Nimeita rejesta darasani miaka thelathini na moja. Haijawahi kuzuia bomu. Mwaka 1968, wakati wa vita vyetu, nilikuwa na miaka minane. Mwalimu wetu naye alichukia utoro, akatuita majina mpaka ndege za mabomu zilipotufikia. Unataka cheti au unataka kaburi lenye cheti? Ondoka. Na hao uliowatisha, uondoke nao!

Mama yako

Kharkiv, 22 Februari

Mama,
Shikamoo, na usikasirike. Nimeomba ruhusa ya kundi zima. Mwanamke wa dirishani, ofisi ya kitivo, hakuinua hata macho: “Vita gani? Mbona walimu wako wapo?” Umebaki mwaka mmoja nihitimu, Mama. Alhamisi tuna kipindi cha upasuaji. Ijumaa tunaondoka wote, tiketi tunazo.

Mwanao

Enugu, 24 Februari, Alhamisi

Sina salamu. Redio imesema. Uko wapi?

Mama

Enugu, 27 Februari

Neno moja tu, mwanangu.

Mama

Kharkiv, 2 Machi

Mama,
Shikamoo. Mimi mzima. Siku ya saba leo tunalala kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi. Simu imepata chaji sasa hivi. Kabla ya ujumbe wako niliukuta wa kitivo, wa Alhamisi saa tatu asubuhi, mabomu yakiwa yameanza tangu alfajiri: kipindi kimeahirishwa, viranja wawasilishe rejesta. Hawakuuliza nani yu hai.

Sasa tunatembea kwenda stesheni kuu. Nimeita majina kabla ya kupanda ngazi. Kumi wameitika. Wa kumi na moja, Ugonna, hakuitika; alitoka juzi kutafuta maji.

Tiketi yake ilikuwa ya tarehe kumi na mbili Februari. Mimi ndiye niliyemwambia airudishe.

Mwanao,
Nkiruka