Bomba la Tatu

Msamala, Songea
10 Septemba 1995

Kwa kaka yangu Otto,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta mzima pamoja na mafundi wenzako huko Mbeya. Sisi hapa tunadunda, ila presha ya Mama ndiyo ile ile, leo juu kesho chini.

Unajua tangu nipunguzwe kazi naishi kwa samaki wa rangi wa mapambo wanaotoka ziwani Mbamba Bay. Nawatunza sebuleni kwenye tangi la kioo mpaka mnunuzi wa Dar awachukue. Pampu inapandisha maji kutoka tangi jingine lililo chini yake, na mpira unayarudisha. Sasa huo mpira! Unakoroma kutwa kucha. Umeme wetu ukikatika na kurudi, mpira unagoma kunyonya, pampu inaendelea kupandisha, sebule inakuwa bwawa.

Mama anasema hawezi kukaa na kelele hizi. Mvua za kwanza zikinyesha anarudi Namtumbo kulima, peke yake. Mahindi ya mbegu ameshayatundika juu ya moshi jikoni. Mwaka jana alianguka shambani akalala pale pale mpaka jirani alipompitia. Sitaki arudi, Kaka. Nipe dawa ya hizo kelele, kazi nitaifanya mwenyewe.

Mdogo wako,
Walburga


Mbeya
24 Septemba 1995

Mdogo wangu Walburga,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Mwambie Mama shikamoo.

Huo mpira utupe leo. Ukishaingia hewa haunyonyi tena mpaka uuvute kwa mdomo. Kioo kitobolewe nyuma, karibu na juu, matundu matatu. Bomba la kwanza liwe na koki. Uikaze taratibu mpaka maji yajae bombani bila hewa. Kinachopiga kelele ni hewa na maji kugombania njia. La pili, mdomo wake uwe juu kidogo, lipokee maji machache yanayobaki. La tatu liwe juu kuliko yote, likae kavu. Hilo usilitie koki wala usihangaike kulinyamazisha. Mengine yakizidiwa lenyewe linabeba maji yote, na litanguruma ili ujue kuna jambo. Tangi la chini nalo liachie nafasi ya maji yanayoshuka umeme ukikatika.

Lakini usitoboe mwenyewe, kioo kitapasuka. Ningoje Krismasi.

Kaka yako,
Otto


Msamala, Songea
22 Oktoba 1995

Kaka Otto,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Krismasi! Mvua zitaningoja mimi? Nimetoboa. Samaki niliwahamishia kwenye madiaba ya kufulia. Nikafunga kipande cha bomba la shaba kwenye drili ya mkono, nikapaka ule unga wa kusagia vali za injini niliouomba kwa mafundi wa Mfaranyaki, nikawa nazungusha huku namwagia maji, bila kukandamiza. Hakikupasuka. Ukija uniletee cheti cha ufundi.

Mabomba yote matatu nimeyafunga, na sasa kimya, Kaka! Naisikia saa ya ukutani. Nikizima pampu na kuwasha, bomba la kwanza linagugumia kidogo likifukuza hewa, kisha linatulia.

Na Mama? Analitazama bomba la tatu kila siku. "Hili halina kazi, linakula nafasi tu." Jana alianza kupukuchua mbegu zake. Kelele zimekwisha na bado anaondoka. Nimechoka kukisia.

Mdogo wako,
Walburga


Mbeya
5 Novemba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera, mbishi wewe.

Mimi na wewe tukiona shida tunashika spana. Safari hii iweke chini. Kaa na Mama, umuulize.

Kaka yako,
Otto


Msamala, Songea
3 Desemba 1995

Kaka Otto,

Shikamoo. Sote wazima, presha imetulia.

Sikumuuliza mapema, niliogopa jibu. Jumapili moja nilikwenda Misa, Mama akabaki nyumbani, kichwa kinamuuma. Umeme ukakatika, ukarudi, bomba la kwanza likaanza kugugumia. Mama akachukua gunzi la mahindi yake ya mbegu akaliziba nalo bomba mdomo ili linyamaze, kama tunavyoziba dumu la pombe kwetu. Maji yakapanda. Bomba la pili likazidiwa.

Nilisikia ngurumo nikiwa bado barabarani, nikakimbia na viatu vya kanisani. Mama alikuwa mbele ya tangi, mikono kichwani. "Nimekuulia samaki, mwanangu." Nikamvua kandambili nikamwambia akanyage sakafu. Kavu! Bomba la tatu lilikuwa limebeba maji yote.

Hapo ndipo nilipomuuliza. Akasema, "Nikivunja kikombe hapa silali. Na hawa samaki ndio riziki yako. Namtumbo nikikosea, najikosea mwenyewe."

Kumbe kelele zilikuwa kisingizio. Nililia, Kaka, sikuficha.

Mama akaligeukia lile bomba la tatu. "Kwa hiyo hili uliliweka kwa ajili ya watu kama mimi?"

"Ndiyo, Mama. Na kwa ajili yangu. Hata mimi nitakosea siku moja."

Alilichomoa gunzi, akaenda kulitupa jikoni.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyofuata. Asubuhi nikamkuta ameshika jembe na mfuko wa mbegu, nikajua anaondoka. Akanipita, akazunguka nyuma ya nyumba, akang'oa maua yangu yote na kupanda mahindi yake pale.

Yameota. Anasema ukija Krismasi spana uache huko huko, uje kupalilia.

Mdogo wako,
Walburga